Kujifunza Kuchomelea Bati kwa Usalama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wanaoanza kuchomelea huyauliza tena na tena, wengine kabla ya kuwasha mashine kwa mara ya kwanza, wengine siku ya pili wakiwa wamekwisha kuumia. Bati linalozungumziwa hapa ni la chuma cha kawaida lenye unene usiozidi milimita 3. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kumwelekeza msomaji kwenye lingine. Tangu mwanzo ni vyema ifahamike kwamba madhara mengi ya kazi hii hayaonekani wakati tao la umeme, yaani mwali unaoruka kati ya ncha ya mashine na chuma, linawaka. Macho huuma usiku, homa ya moshi huingia jioni, na moto huzuka karakana ikiwa imekwisha kufungwa, na ndiyo maana majibu kadhaa yanahusu saa zinazofuata kazi kuliko kazi yenyewe.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini bati jembamba ni gumu kuchomelea kuliko chuma kinene?

Chuma huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 1,538 za Selsiasi, na tao la umeme lina joto kubwa kuliko hilo mara kadhaa. Katika chuma kinene, joto hilo husambaa pande zote na kumezwa na unene wa chuma, kwa hiyo anayechomelea hupata nafasi ya kukosea na kujirekebisha. Katika bati la milimita 1 joto halina pa kwenda: sekunde moja ya kusitasita mahali pamoja inatosha kufanya tundu, na hata pasipotoboka, bati huvimba na kujikunja. Fundi wa bati kazi yake kubwa ni kudhibiti joto. Kuunganisha chuma huja baadaye, na huja kwa urahisi kwa aliyelielewa hilo.

2. Nianze na mashine ya aina gani?

Kwa bati, mashine ya MIG inayotumia waya na gesi ya kinga ndiyo inayomfaa zaidi anayeanza. Waya hujisukuma wenyewe, mkono mmoja unatosha kushika tochi, na joto linaweza kupunguzwa sana. Mashine ya MIG inayotumia waya wenye flaksi ndani (unga unaokinga chuma kinapoyeyuka), usiohitaji gesi, hufanya kazi vizuri mahali penye upepo, lakini hutoa moshi mwingi na cheche nyingi, na ni vigumu kuituliza kwenye bati la chini ya milimita 1.5.

Mashine ya rodi ndiyo wengi wanayoikuta karakanani, na mtu anaweza kujifunza nayo akitumia rodi nyembamba za milimita 1.6 au 2 za aina ya E6013, kwenye bati la milimita 2 kwenda juu. TIG, ambayo tao lake huwaka kwenye ncha ya tangsteni huku mkono wa pili ukiongeza chuma cha kujazia, hutoa mshono mzuri kuliko zote na udhibiti wa joto usio na kifani, ila inadai mikono miwili ifanye kazi tofauti kwa wakati mmoja, mara nyingi na mguu pia. Ningemshauri anayeanza aifikie baada ya kulizoea dimbwi la chuma kilichoyeyuka kwenye MIG.

3. Geji ni nini, na nianze na bati la unene gani?

Geji ni kipimo cha unene ambacho huenda kinyume na matarajio: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Kwa bati la chuma, geji 16 ni takriban milimita 1.5, geji 18 ni takriban milimita 1.2, na geji 20 ni takriban milimita 0.9. Kwa kuwa geji za metali tofauti hazilingani, ni salama zaidi kupima kwa milimita.

Anza na vipande vya milimita 2, kisha 1.5, na usishuke hadi milimita 1 mpaka uweze kuvuta mshono wa sentimita 10 bila kutoboa, mara tano mfululizo. Vipande vya mazoezi viwe vya chuma kitupu ambacho hakijapakwa kitu chochote. Sababu yake imeelezwa katika swali la 11.

4. Ninaweza kujifunza peke yangu, bila mwalimu?

Mikono inaweza kujifunza peke yake, kwa sababu mshono wenyewe huonyesha ulipokosea. Usalama ni habari nyingine, maana mtu anaweza kufanya kosa lile lile kwa mwezi mzima bila kuona dalili yoyote. Ukipata fundi mzoefu wa kukaa nawe siku mbili za mwanzo, mwombe akague jinsi ulivyounganisha nyaya, ulivyofunga mtungi wa gesi na ulivyopanga eneo lako kabla hajakufundisha kushika tochi. Usipompata, hakikisha angalau kuna mtu mzima karibu anayejua swichi kuu ya umeme iko wapi.

## Kinga ya macho na mwili

5. Kioo cha helmeti kiwe na namba ngapi?

Kwa kazi ya bati, ambayo kwa kawaida hutumia ampea 30 hadi 100, kioo namba 9 hadi 11 kinafaa. Namba ikipanda, giza huongezeka. Njia nzuri ya kuchagua ni kuanza na kioo cheusi zaidi ndani ya kiwango hicho, kisha kushuka mpaka uone vizuri kingo za dimbwi la chuma bila macho kuchoka. Miwani ya jua haina nafasi kabisa katika kazi hii. Miwani ya kuchomelea kwa gesi, ambayo kwa kawaida ni namba 5 hivi, pia haifai kwa tao la umeme.

Chini ya helmeti vaa miwani angavu ya kinga. Vipande vingi huruka machoni wakati wa kugonga slagi, yaani ganda gumu linalobaki juu ya mshono, au kusugua kwa grainda, wakati ambao helmeti imekwisha kuinuliwa.

6. Helmeti inayojitia giza yenyewe ikichelewa, macho yangu yataharibika?

Helmeti nzuri ya aina hiyo huzuia miale ya urujuanimno na ya infraredi muda wote, iwe imetia giza au la. Kinachobadilika ni mwanga unaoonekana tu, na mabadiliko hayo huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde. Hatari halisi iko kwenye helmeti ambayo betri yake imekwisha, au ambayo vihisi vyake vimezibwa na mkono, bomba au vumbi. Ijaribu kila siku kabla ya kazi. Kioo kikiwa na ufa, kibadilishwe siku hiyo hiyo.

7. Je, ni kweli kwamba lenzi za kuvaa machoni huganda kwenye jicho mtu akitazama tao la umeme?

Si kweli. Joto la tao halifiki kwenye jicho kwa kiasi cha kukausha au kugandisha lenzi. Hata hivyo lenzi hazikingi chochote, na karakana ina vumbi la chuma linaloweza kunaswa chini yake, kwa hiyo miwani ya kawaida chini ya helmeti ni chaguo bora.

8. Nivae nini?

Vaa nguo za pamba nzito au ngozi zenye mikono mirefu, zilizofungwa hadi shingoni. Kitambaa cha nailoni au poliesta huyeyuka na kugandamana na ngozi, na jeraha lake ni baya kuliko la nguo inayoungua. Suruali ishuke juu ya buti, isikunjwe chini, kwa sababu mkunjo hupokea cheche kama kikombe. Mifuko iwe na vifuniko, na kiberiti cha gesi kisiwemo mfukoni. Glavu ziwe za ngozi na kavu.

Sehemu inayosahauliwa mara nyingi ni pembe ya ngozi iliyo wazi chini ya koo. Miale ya tao huichoma kama jua kali linavyochoma, na baada ya nusu saa ya kazi inaweza kuwa imeiva wekundu. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka miale ya urujuanimno ya kuchomelea, pamoja na moshi wa kuchomelea, katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Basi kufunga kifungo cha juu ni jambo la maana, hata siku ya joto.

## Eneo la kazi, umeme na moto

9. Eneo linalonizunguka liwe wazi kiasi gani, na nikimaliza nifanye nini?

Cheche za kuchomelea na za grainda zinaweza kufika mita 10 au zaidi, na hupenya kwenye nyufa za sakafu na nyuma ya makabati. Ondoa mbao, makaratasi, vitambaa, rangi na mafuta katika umbali huo, na kisichoondoka kifunikwe kwa turubai lisiloshika moto. Usisahau upande wa pili wa bati. Joto hupita kwenye bati jembamba papo hapo, na sponji, rangi au kihami kilicho nyuma yake huanza kuungua huku wewe ukitazama mshono upande huu. Weka kizimamoto cha unga mkavu na ndoo ya mchanga karibu, mahali unapoweza kuvifikia bila kuvuka moto.

Ukimaliza, usiondoke. Cheche iliyoangukia kwenye vumbi la mbao inaweza kufukuta kimyakimya kwa muda mrefu kabla ya kutoa ndimi. Kaa angalau nusu saa, na pakiwa na mbao au vihami karibu, kaa saa nzima, ukipita kila pembe na kunusa. Panga ratiba yako ili kuchomelea kuishe mapema, na saa ya mwisho itumike kupiga tupa, kupima na kufagia. Kwa njia hiyo saa ya kulinda moto haipotei.

Kuna pia hatari ya chuma chenyewe. Chuma huanza kung'aa kwenye giza kikifika nyuzi 500 hivi. Chini ya hapo kinaweza kukubabua vibaya huku kikiwa cheusi kama kilichopoa. Andika neno MOTO kwa chaki juu ya kila kipande unachokiweka chini. Wageni wa karakana, na watoto hasa, hushika kila kitu.

10. Je, mashine ya kuchomelea inaweza kunipiga shoti?

Ndiyo. Mashine ya rodi ikiwa imewashwa bila tao kuwaka, ncha zake mara nyingi huwa na volti 50 hadi 90. Kwa mtu mkavu mwenye glavu na buti zenye soli ya mpira hatari ni ndogo, lakini kwa mtu aliyeloa jasho, aliyepiga magoti juu ya chuma, volti hizo zinaweza kuua, hasa kama mkondo ni wa kubadilika. Badilisha glavu zikiloa. Usibadilishe rodi kwa mkono mtupu, na usichomelee kwenye mvua au juu ya sakafu yenye maji.

Koleo la ethi, linalorudisha umeme kwenye mashine, lifungwe kwenye kipande chenyewe, karibu na mshono, juu ya chuma kilichosuguliwa hadi king'ae. Likifungwa mbali, mkondo hutafuta njia yake kupitia bawaba, minyororo au nyaya nyingine. Kabla ya kuanza, pitisha mkono juu ya nyaya zote wakati plagi imetolewa. Gamba lililochanika hugunduliwa upesi kwa vidole kuliko kwa macho.

## Moshi na mipako

11. Bati langu limepakwa zinki. Nikilichomelea hivyo hivyo kuna ubaya gani?

Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 na kuchemka kwenye nyuzi 907, yaani hugeuka mvuke muda mrefu kabla chuma kilicho chini yake hakijayeyuka. Mvuke huo ukikutana na hewa huwa moshi mweupe mzito, na wakati mwingine nyuzinyuzi nyeupe huelea karakanani kama pamba. Anayeuvuta mara nyingi hahisi chochote wakati wa kazi, labda ladha ya chuma mdomoni tu. Baada ya saa kadhaa, akiwa amekwisha kufika nyumbani, huanza kutetemeka kwa baridi, homa, kichwa na maumivu ya viungo, na wengi hudhani ni mafua au malaria. Hali hiyo huitwa homa ya moshi wa metali, na kwa kawaida hupoa ndani ya siku moja au mbili.

Kupoa kwake kusimfanye mtu aidharau. Dalili zinazofanana zinaweza kuwa za jambo zito zaidi, hasa kadimiamu, ambayo hupakwa kwenye baadhi ya boliti na vishikizo, na ambayo moshi wake unaweza kuharibu mapafu na kuua. Kwa macho, mpako wa kadimiamu unaweza kufanana na wa zinki, wakati mwingine ukiwa na rangi ya dhahabu. Kanuni yangu kwa anayeanza ni fupi: mpako usioujua usichomelewe. Rangi ya zamani nayo inaweza kuwa na madini ya risasi.

Kama ni lazima ulitumie bati lenye zinki, ondoa mpako pande zote mbili, sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye mshono, kwa kuusugua huku umevaa barakoa iliyoelezwa katika swali la 13. Kisha fanya kazi nje au penye hewa inayopita, ukisimama upande ambao moshi hauji. Mshono pia utashika vizuri zaidi, kwa sababu mvuke wa zinki huacha vitundu ndani yake.

12. Je, kunywa maziwa husaidia kuondoa moshi mwilini?

Hapana. Maziwa huenda tumboni, na moshi umeingia kwenye mapafu. Imani hii imeenea sana katika karakana, na ubaya wake ni kwamba humpa mtu ujasiri wa kuvuta moshi ambao angeukwepa. Aliyevuta moshi atoke nje, kwenye hewa safi, na akipata kifua kubana, kukosa pumzi au kikohozi kisichoisha, aende hospitali na aseme wazi kwamba alikuwa akichomelea na ni metali gani.

13. Barakoa ya kitambaa inatosha?

Haitoshi. Chembe za moshi wa kuchomelea ni ndogo kuliko vumbi la kawaida na hupita kwenye kitambaa. Tumia barakoa yenye kichujio cha chembe, kama P2, P3, N95 au P100, inayokaa sawasawa usoni. Ndevu huizuia kuziba. Hata hiyo haiongezi oksijeni wala haizuii gesi.

Ulinzi wa kwanza ni mahali unapoweka kichwa. Moshi hupanda moja kwa moja juu kutoka kwenye mshono, na anayeanza, kwa hamu ya kuona, huinama juu yake. Kaa kando, tazama kwa pembe, na feni ivute moshi kutoka ubavuni kwa nguvu ndogo, isije ikapeperusha gesi ya kinga.

14. Nimesafisha bati kwa dawa ya kuondoa mafuta. Ninaweza kuanza kuchomelea?

Kwanza soma lebo. Baadhi ya dawa za kusafishia breki na kuondoa mafuta zina klorini ndani yake, kama vile trikloroethilini au tetrakloroethilini. Joto na miale ya tao huweza kuzigeuza kuwa fosjini, gesi iliyotumika kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kiasi kidogo kinatosha kuumiza mapafu, na madhara yake yanaweza kuchelewa kwa saa nyingi, hata siku moja au mbili. Dawa hizo zisiwepo karakanani kabisa, maana hata mvuke kutoka kwenye chombo kilicho wazi karibu nawe ni hatari. Zile zisizo na klorini nazo nyingi hushika moto, kwa hiyo bati likauke kabisa na kopo liwekwe mbali. Kwa kazi nyingi maji ya moto, sabuni na kitambaa kikavu vinatosha.

15. Mtungi wa gesi ya kinga una hatari gani?

Mtungi wa argoni uliojaa huwa na mgandamizo wa takriban bar 200. Ukianguka na vali yake ikavunjika, unaweza kuruka na kutoboa ukuta, ndiyo maana hufungwa kwa mnyororo ukiwa wima, na husafirishwa ukiwa na kofia yake. Argoni ni nzito kuliko hewa na haina harufu. Katika shimo, tangi au chumba kidogo kisicho na dirisha hujaa kutoka chini na kuifukuza hewa, na mtu huzimia bila onyo. Funga vali ya mtungi kila unapomaliza.

## Ufundi wa mshono

16. Niweke ampea ngapi?

Kianzio kizuri ni ampea 40 kwa kila milimita ya unene, kisha urekebishe kwenye kipande cha majaribio cha bati lile lile. Kwa MIG, waya wa milimita 0.6 hufaa bati la milimita 1 na chini yake, na wa milimita 0.8 hufaa la juu ya hapo. Gesi ya mchanganyiko wa argoni asilimia 75 na kaboni dioksidi asilimia 25, ikitiririka lita 10 hadi 12 kwa dakika, hutoa tao tulivu kuliko kaboni dioksidi tupu.

Kumbuka ncha za umeme: waya mgumu wenye gesi hutaka tochi iwe chanya, ilhali nyaya nyingi zenye flaksi zisizohitaji gesi hutaka tochi iwe hasi. Kwa rodi za E6013 kwenye bati, kuweka rodi upande wa hasi hupunguza kupenya na kuokoa matundu mengi. Mpangilio ukiwa sawa, MIG hutoa mlio mkali usiokatika, kama mafuta yanayokaanga kitu chenye maji. Milipuko ya hapa na pale humaanisha waya na volti havijapatana.

17. Kwa nini ninatoboa bati kila mara?

Mara nyingi sababu ni pengo. Vipande viwili vya milimita 1 vikiachana kwa milimita 1, tao halina chuma cha kushika katikati na kingo huyeyuka zikirudi nyuma. Tumia muda mwingi zaidi kupiga tupa na kubana kuliko kuchomelea. Ikiwa kazi inaruhusu, lalisha kipande kimoja juu ya kingine badala ya kuvikutanisha ncha kwa ncha. Kipande cha shaba nene kilichobanwa nyuma ya mshono hunyonya joto, na chuma kilichoyeyuka hakikishiki.

Kisha jifunze kulisoma dimbwi. Kupitia kioo utaona duara dogo linalong'aa likifuata waya. Linapokuwa sawa, uso wake umetuna kidogo. Kabla tu ya kutoboka hupanuka ghafla, hung'aa zaidi, na katikati yake hubonyea. Hapo achia kitufe mara moja. Hesabu moja, mbili, uache wekundu ufifie, kisha endelea kutoka ukingoni. Kuchomelea kwa nukta zinazofuatana na kulaliana namna hii ndiyo njia ya kawaida ya bati jembamba, na hakuna aibu ndani yake. Bati likiweza kusimamishwa, kuvuta mshono kutoka juu kwenda chini pia hupunguza kupenya.

18. Bati linajikunja. Nilinyooshe vipi?

Ni rahisi zaidi kulizuia. Chuma hupanuka kikipata moto na husinyaa kikipoa, na mshono mrefu uliovutwa kwa mfululizo husinyaa wote kwa pamoja na kuvuta bati. Shikiza kwa nukta kila baada ya sentimita 2.5 hadi 4, kisha jaza nafasi kwa kuruka: sentimita 2 upande huu, sentimita 2 upande wa mbali, halafu katikati, ukisubiri mpaka eneo liweze kuguswa kwa nyuma ya glavu. Usimwage maji juu ya mshono ili uharakishe. Upoaji wa ghafla huongeza kujikunja, na mvuke wake huunguza mikono.

19. Nitajuaje kwamba mshono umeshika?

Geuza bati. Mshono uliopenya huacha mstari mwembamba uliotuna, au angalau rangi ya joto iliyo sawa, upande wa nyuma. Halafu chukua kipande cha majaribio, kibane kwenye jiriwa karibu na mshono na ukipige kwa nyundo mpaka kikunjike. Mshono mzuri hukunjika pamoja na bati, au bati hupasuka kando yake. Ukibanduka kama gundi iliyokauka, ulikuwa umekaa juu tu. Vunja vipande vingi. Kila kimoja kina cha kukuonyesha.

20. Je, grainda ni hatari kama wanavyosema?

Ndiyo, na wanaoanza huiogopa kidogo kuliko tao, ilhali ndiyo inayoshikwa muda mrefu zaidi katika siku ya kazi. Diski ya milimita 115 inayozunguka mara 11,000 kwa dakika husafiri ukingoni mwake kwa takriban mita 66 kwa sekunde, karibu kilomita 240 kwa saa. Kingio kisiondolewe kamwe. Kasi iliyoandikwa kwenye diski iwe sawa au zaidi ya ile ya grainda. Diski ya kukatia isitumike kusugua kwa ubavu, kwa sababu hupasuka, na iliyoanguka sakafuni itupwe. Vaa miwani pamoja na ngao ya uso, na vizibo vya masikio. Kwa kazi hii ya grainda, glavu zinazobana mkono ni bora kuliko zilizolegea.

## Hali za pekee

21. Nilitazama tao kidogo tu, sasa ni usiku na macho yanauma kama yana mchanga. Nifanye nini?

Huo ni mchomo wa juu ya jicho unaotokana na miale ya urujuanimno, na kwa kawaida hujitokeza saa 6 hadi 12 baadaye. Naufahamu vizuri. Katika wiki zangu za kwanza nilikuwa nashikiza pembe za sanduku la bati, nukta kama 20 hivi, na kwa kuwa kila nukta ilikuwa ya nusu sekunde, nilifumba macho badala ya kushusha helmeti. Kope hazikunikinga vya kutosha. Saa nane usiku niliamka machozi yakitiririka, na hata mwanga wa simu ulikuwa kama sindano.

Toa lenzi kama umezivaa, kaa gizani, weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, na usiyasugue. Maumivu kwa kawaida hupungua ndani ya saa 24 hadi 48. Usitie maziwa, viazi wala dawa ya kienyeji, na usitumie matone ya ganzi yaliyobaki kwa mtu mwingine, kwa sababu huchelewesha kupona. Nenda hospitali kama maumivu ni makali, uoni umefifia, ni jicho moja tu linalouma au unadhani kipande cha chuma kimeingia. Walio karibu nawe pia wanaweza kupatwa, kwa hiyo weka pazia kati yako na wao.

22. Nimeungua mkono. Dawa ya meno inafaa?

Haifai, wala mafuta au asali. Weka sehemu hiyo chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, vua pete na saa kabla ya uvimbe, kisha funika kwa kitambaa safi kisichonata. Kilichogandamana na ngozi kisibanduliwe. Mchomo mkubwa kuliko kiganja, au ulio usoni au kwenye viungo, ni wa hospitali.

23. Ninataka kuziba kutu kwenye bodi ya gari. Kuna tahadhari za ziada?

Tenganisha betri, fahamu bomba la mafuta na tangi vinapita wapi, na uondoe mazulia, viti na vihami vilivyo nyuma ya eneo hilo. Mpako wa chini ya gari na nta ya ndani ya mihimili hushika moto kwa urahisi. Vioo vifunikwe, kwa sababu cheche za grainda huchimba vitundu visivyosuguliwa vikatoka. Sehemu zinazobeba uzito au kulinda abiria wakati wa ajali, pamoja na zile zilizo karibu na mifuko ya hewa, ziachiwe fundi aliyefuzu.

24. Pipa la mafuta ni tupu na nimeliosha. Ninaweza kulichomelea?

Hapana. Mabaki hujificha kwenye mikunjo na chini ya kutu, na joto huyageuza mvuke unaolipuka. Kuosha hakuhakikishi lolote, na hata mafuta mazito yasiyoshika moto kwa kiberiti hulipuka namna hiyo. Kazi hiyo ina wataalamu wake na vipimo vyake. Hata bomba la mraba lililo safi, likiwa limezibwa pande zote, litobolewe tundu dogo kwanza ili hewa inayopanuka ipate pa kutokea.

25. Nina kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Ninaweza kujifunza?

Muulize daktari wako wa moyo kabla hujakaribia mashine, hata kama utakuwa mtazamaji tu. Mkondo mkubwa wa kuchomelea hutengeneza uga wa sumaku unaoweza kukivuruga kifaa hicho, na jibu hutegemea aina ya kifaa na ampea zinazotumika.

26. Je, maelezo haya yanahusu chuma cha pua na alumini pia?

Kinga ni zile zile, pamoja na nyongeza. Moshi wa chuma cha pua una kromiamu ya aina inayosababisha saratani, hivyo barakoa na mvuto wa hewa huwa vya lazima hata kwa mshono mfupi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kubadilika rangi kwanza, kwa hiyo dalili za dimbwi zilizoelezwa katika swali la 17 hazitakuonya kwa namna ile ile, na kipande kilichotoka motoni hufanana kabisa na kilichopoa tangu asubuhi. Chaki ya swali la 9 iwe mkononi kabla ya tochi.